Mstari Kabla ya Sahani

Nyumbani kwangu hakuna mtoto aliyegusa chakula kabla ya kusema mstari. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mwenye sheria nilikuwa mimi. Watoto watatu waliketi kwenye mkeka jikoni, sufuria katikati, sahani zote mbele yangu, na kila mmoja akasema mstari wake wa Neno. Uwe mpya, si wa jana. Akimaliza bila kukwama, nampakulia. Akikwama, atangoja wenzake wale kwanza. Na yule aliyejaribu kuniletea ule mstari mfupi kuliko yote, ule unaokimbiliwa na kila mtoto wa Sande skuli, nilimwuliza, "Na chakula chako nacho nikupimie kwa kijiko?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

Majina ya watu sitayataja. Wengine wameshalala, wengine bado wana hasira na mimi, na wana haki.

Watu huniuliza ukali ule niliutoa wapi. Niliutoa kwenye woga, basi. Mama yangu mzazi, huko upande wa Mwingi, alikuwa mpigaji wa ngoma ya kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Mvua ikikataa, anaitwa. Mke wa mtu akishikwa na ugonjwa usiojulikana, anaitwa. Na ngoma ile ilikuwa inangoja kuja kwangu. Lakini miaka hiyo ya sitini nikapelekwa shule ya misheni, nikaokoka, na niliporudi likizo nikakataa hata kuibeba ngoma begani. Nilidhani atanichapa. Hakunichapa. Alisema tu kwamba kama mimi nimeweza kumwacha yeye, basi na wangu wataweza kuniacha mimi. Akaendelea kuchambua mbaazi zake.

Maneno hayo yalinikaa kama mwiba wa samaki. Kwetu hakukuwa na nyanya aliyeniombea wala babu mzee wa kanisa. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza, na kitu kimoja tu kilinitisha maisha yangu yote: kwamba imani hii ingeanza na mimi na kuisha na mimi.

Niliolewa chini ya vilima vya Kilungu, upande wa kuelekea Matiliku. Mume wangu alifanya kazi Mombasa, akija nyumbani mara chache, Mkristo wa Krismasi na harusi. Kwa hiyo shughuli ya kuwafundisha watoto njia ya Mungu ilikuwa yangu peke yangu. Yeye alisema, "Wewe ndiye mwenye mdomo, wafundishe." Haya, nikawafundisha.

Kifungua mimba alikuwa msichana. Sasa, kwetu Ukambani msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya mume. Na si jina tu la kumkumbukia mtu. Mtoto huyo anakuwa ni yeye, mama mkwe mwenyewe amerudi akiwa mdogo, na wewe uliyeolewa huwezi kuliita jina hilo hivi hivi kwa heshima ya mkwe. Kwa hivyo binti yangu nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Hata nikimgombeza nilimgombeza kwa heshima. "Mwaitu, hizo sufuria zitajiosha zenyewe?"

Mama mkwe mwenyewe aliishi ng'ambo ya shamba letu, matuta saba kutoka mlangoni kwangu. Kanisani hakuingia hata siku moja. Kabla hajala, alimega kitonge kidogo akakitupa chini, cha wale waliotangulia. Mimi nikiona kile kitonge jasho lilinitoka. Sikugombana naye, nani anagombana na mama mkwe? Ila watoto niliwaambia: kwa susu, yaani nyanya yenu, mtaenda kumsalimia, mtamchotea maji na kumkatia kuni, lakini kula mtakula hapa.

Msichana huyo alikuwa na kichwa, jamani. Akiwa na miaka kumi na mmoja alijua zaburi nzima nzima. Nilimpeleka kwenye mikutano ya akina mama, nikamsimamisha juu ya kiti, akatiririka bila kupumzika. Wanawake walishika vinywa. "Woi, mtoto huyu!" Nami nikakaa pale nimevimba kama unga wa mandazi. Moyoni nilimwambia mama yangu, umeona? Huyu hataniacha.

Ndipo ukaja ule mwaka wa mahindi ya manjano. Mtu wa Ukambani wa rika langu hahitaji kuelezwa. Misimu miwili ilikuwa imekataa. Tulikula mahindi ya msaada, ya manjano, yenye harufu ya gunia, na ng'ombe wakasimama wakiwa mbavu tu. Nilibakiwa na nusu debe ya mbegu, mahindi na kunde, nimezihifadhi kwenye kibuyu na majivu. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zinakaribia, na kwetu watu hupanda kabla mvua haijanyesha, mbegu ikaingoje ardhini. Mama mkwe alikuja akaniambia, "Panda nusu, nusu lisha hawa watoto." Nikamwambia hapana. Tutapanda zote, kwa imani.

Halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inifunike. Niliwaambia watoto kila shimo litapata mstari wake. Mimi nilitangulia na jembe, binti yangu akafuata na kibuyu. Punje mbili, mstari mmoja, anafukia kwa mguu. Punje mbili, mstari mmoja. Ndugu zake walichoka mapema wakakimbilia kivulini. Yeye hakuchoka. Siku mbili nzima alinifuata nyuma, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, midomo inacheza. Mistari ilipomwishia aliniuliza, "Mama, ni lazima iwe mipya?"

"Shambani rudia tu. Mungu hachoki kusikia."

Tulipofika shimo la mwisho aliinuka, akaliangalia shamba lote, akaniuliza, "Kwa hivyo itaota yote?"

Mtu mwenye akili angesema, mwanangu, tuombe tu. Mtu mwenye akili angesema, Mungu anajua. Mimi nilisema, "Yote. Kama umesema kwa moyo, yote."

Mvua ilinyesha jioni moja, masaa mawili hivi. Mbegu zikaota! Tulitoka asubuhi tukakuta mistari ya kijani kibichi juu ya matuta, na binti yangu akaruka akipiga makofi, akakimbia hadi kwa susu kumwita aje aone. Halafu jua likatoka, na mvua haikurudi tena. Kila siku alikuwa akichukua maji ya kuoshea vyombo kwenye mkebe akanyunyizia safu ya kwanza. Wiki ya tatu hata hiyo safu ilikuwa imekauka. Ukiigusa inavunjika mkononi.

Jioni ya siku aliyoacha kunyunyizia, jua halijatua, tuliketi kwenye mkeka. Mahindi ya manjano yamechemshwa na majani machache ya kunde. Wadogo zake walisema yao, nikawapakulia. Zamu yake ikafika.

"Sina," akasema.

"Huna? Wewe?"

"Niliisema yote shambani. Haukubaki hata mmoja."

Alisema bila kiburi, Mungu ni shahidi. Alisema kama mtu anayeripoti kwamba chumvi imeisha. Ilinipasa nimshike, nilie naye, nimwambie hata mimi sielewi. Lakini badala ya mtoto wangu nilimwona mama yangu amekaa pale na ngoma yake, akinicheka. Hasira ikanipanda. Nilichukua sahani yake, nikaifunika, nikaiweka juu ya rafu. "Iko hapo. Inakungoja useme."

Hakusema. Kesho yake hakusema. Siku ya nne nikaanza kushangaa kwamba bado anatembea, anachota maji, anaenda shule. Mdogo wake mmoja ndiye aliyetoboa siri: alikuwa akila kwa susu.

Nilivuka yale matuta saba mbio mbio. Mbele ya mama mkwe huwezi kupaza sauti, kwa hivyo nilisimama mlangoni nimeangalia chini, lakini maneno yenyewe yalikuwa moto. "Mwaitu, naomba mtoto asile huku."

"Mtoto yupi?"

"Yule mkubwa."

"Yule mwenye jina langu?"

"Ndiyo."

Nilidhani atanifukuza. "Sawa," akasema. "Nimesikia." Akafunga mlango.

Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi. Nasema ukweli wote hapa, kwa hivyo niseme na huo: nilijisikia mshindi. Niliomba kwa bidii siku zile, nikamwambia Mungu amvunje huyo mtoto moyo wake mgumu. Sahani ilikaa juu ya rafu. Siku ya kwanza, maji tu. Siku ya pili, maji tu. Ndugu zake walikula wakiangalia ukuta. Alipopita karibu na mimi niliona shingo yake imekuwa nyembamba, nikaapa kwamba nitaacha, na mdomo ukakataa kuacha. Nilijiambia njaa itamrudisha. Ni nani mjinga huyu anayefikiri njaa ni mwinjilisti? Mimi.

Siku ya tatu alianguka shuleni, wakiwa wamepanga mistari asubuhi kwenye uwanja. Mwalimu wake alimbeba kwa baiskeli hadi dispensari. Mimi nilipata habari nikiwa mtoni nachimba maji kwenye mchanga, nikaacha mtungi na kibuyu palepale nikakimbia.

Nilipofika mlangoni, nesi alikuwa amemwinua kidogo, kikombe cha uji mkononi. Binti yangu alifungua macho. Akaona uji. Akaona mimi nimesimama pale. Na kabla nesi hajamfikishia kikombe, alianza. Alisema mstari, haraka haraka, bila kuvuta pumzi. Akasema mwingine. Akasema wa tatu, mikono ameiweka kifuani, sauti yake imekauka kabisa, macho yananiangalia mimi. Nesi alicheka, "Kumbe huyu ni mtoto wa kanisa!" Kisha akauona uso wangu, akanyamaza.

"Kunywa, mwaitu," nikasema. "Kunywa tu."

Akaniuliza, "Imetosha?"

Nilitoka nje nikakaa chini ya dirisha la dispensari, nikajifunika kitenge kichwa chote. Nililia hadi wagonjwa wengine wakadhani amekufa.

Mama mkwe alinikuta hapo. Alikuwa amekuja kwa miguu na fimbo, na nilipomtazama vizuri nikaona midomo yake imepasuka, mashavu yameingia ndani. Hakuketi. Aliongea polepole kwa sababu hakuwa na nguvu. "Siku tatu umeninyima chakula," akasema. "Ulisema mwenye jina langu asile, basi sikula. Ulifikiri unamnyima yeye peke yake?" Kisha akaingia ndani, na nesi akamtafutia kikombe cha pili. Nilisikia wakinywa pamoja. Mkristo wa nyumba ile, mwenye Kitabu na kitambaa cha akina mama wa kanisa, alikuwa nje. Yule wa kutupa kitonge chini ndiye aliyefunga kwa ajili ya mtoto.

Siku hiyo hiyo nilifuta sheria. Niliwaambia wote watatu, kuanzia leo chakula ni chakula. Vijana walishangilia. Msichana aliketi kwenye mkeka, akafumba macho, akasema mstari, ndipo akavuta sahani. Kesho yake vile vile. Wiki, mwezi, mwaka, miaka sita. Nilimsihi, "Mwaitu, kula tu, sikuulizi." Alisema mstari kwanza, mpya, bila kukwama, bila kuniangalia, kisha akala.

Na kanisani, unajua kilichotokea? Walimsifu! Alipewa zawadi, alibatizwa, akaimba kwaya. Mchungaji alisimama akawaambia wazazi watuige sisi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile nikitamani kupiga kelele. Mara moja nilijaribu kuwaambia akina mama kwenye kikundi: mtoto huyu hamwamini Mungu, ananiogopa mimi. Wakaniambia, mwenzetu, mtoto ameshika Neno lote hilo, wewe unalia nini? Nililia peke yangu basi, kwenye matuta, nikimwambia Mungu anipige mimi, asimwache yeye. Sikusikia jibu, na hadi leo sijasikia.

Alipomaliza kidato cha nne alikula chakula cha mchana, mara ya kwanza bila mstari. Alikula tu, akaosha sahani, akaiweka juu ya rafu. Siku iliyofuata alienda Mwingi kutafuta kazi. Hakuingia kanisani tena. Ndugu zake, mmoja huonekana ibadani kukiwa na harusi, mwingine yuko Mombasa na baa ndiyo kanisa lake. Wote watatu. Mama yangu alikuwa ameshakufa wakati huo, la sivyo ningemwendea nimwambie, haya, umeshinda.

Barua za binti yangu zilikuja, za adabu, za kunijulia hali. Miaka ya tisini ilikuwa imeshaingia nilipopata ile iliyosema ana mtoto wa miaka minne, na kama nataka kumwona nije. Miaka minne! Nilipanda basi la Mwingi na kiondo cha maembe, nikamkuta stendi ananingoja. Alinikumbatia vizuri. Kisha, kabla hatujaondoka hapo, akasema, "Mama, karibu. Kaa hata mwezi. Lakini mtoto usimfundishe. Hata mstari mmoja."

"Sawa," nikasema.

Hakuwa ameolewa, kwa hivyo mtoto alichukua jina la upande wetu. Langu. Hilo sikulitegemea. Aliweza kuchagua jina lolote duniani. Nilipofika nikamsikia akimwita mtoto wake "mama, njoo usalimie," na mimi nikaitika.

Alikodi vyumba viwili kwenye ploti ya familia ya Waislamu kutoka kaskazini mashariki, watu wa biashara ya mbuzi na malori. Watoto wao walikuwa sita. Saa ya sala ilipofika walienda kwenye bomba, wakaosha miguu wakirushiana maji, wakajipanga nyuma ya baba yao. Yule mdogo kabisa aliinama wenzake wakiinuka, wakamcheka, wakamrekebisha. Hakuna aliyeshika fimbo. Nilisimama dirishani nikiwaonea wivu. Siku moja nilimwuliza mama yao, mmewafundishaje hawa? Aliona swali langu ni la ajabu. "Wanatuona tu sisi," akasema.

Jumapili, kengele za makanisa zinalia mjini, mimi nimekaa kwenye kochi la binti yangu kama mtu aliyefungwa kamba. Alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi, anajua napenda. Alimpakulia mtoto kwanza, sahani imejaa. Akanipakulia mimi. Nilifumba macho. Midomo sikuisogeza, naapa, ilikuwa mazoea tu.

"Susu, umelala?"

"Hapana."

"Mbona umefumba macho?"

"Nashukuru."

"Unamshukuru nani?"

Binti yangu alikuwa ametupa mgongo, yuko kwenye sufuria, mwiko mkononi. Mwiko ukasimama. Hakugeuka.

Maisha yangu yote nilikuwa nikingoja mtoto aniulize swali hilo. Sikuwahi kuulizwa na hata mmoja wangu, maana niliwajibu kabla hawajauliza, na nikawajibu kwa njaa. Sasa huyu ameuliza mwenyewe, ameshiba, hana hofu na mimi hata kidogo, muthokoi umemganda kidevuni. Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaangalia ule mgongo, shingo ile ile nyembamba.

"Nashukuru mama yako," nikasema. "Amepika vizuri."

Mtoto akageuka. "Asante, mama," akasema kwa sauti kubwa, akaendelea kula.

Binti yangu alikuja na mwiko. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniongezea chakula, akakisawazisha juu ya sahani, akaniuliza kama mpishi yeyote anavyomwuliza mgeni, "Imetosha?"

Niliitikia kwa kichwa, nikatia kijiko mdomoni. Ng'ambo ya meza mtoto mwenye jina langu alikuwa ameshamaliza. Alinyoosha sahani akataka tena, na mama yake akampakulia bila kumwuliza kitu.